Dakika za Lala Salama na Mguu wa Mtu Mmoja

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 13 Februari 2023, inakaribia saa kumi na mbili asubuhi, mpwa wangu aliporuka kutoka kwenye mkeka huku ameshika kichwa na kupaza sauti: "Mjomba, mbona amekaa chini? Si alikuwa anafunga huyu!" Tulikuwa sebuleni kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma, na tulikuwa tumekesha tangu saa nane na nusu usiku tukitazama Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai, sauti ikiwa ya chini kabisa kwa sababu mke wangu alikwisha kutuonya mara mbili. Kansas City Chiefs na Philadelphia Eagles walikuwa sare ya 35 kwa 35, na zilikuwa zimebaki chini ya dakika mbili. Jerick McKinnon wa Chiefs alipokea mpira, akapita pembeni, akaona njia nyeupe hadi kwenye mstari wa goli, na yadi mbili kabla ya kuufikia akajitelezesha chini kwa hiari yake, kama mtoto anayecheza kwenye tope la masika.

Mpwa wangu ni mtu wa soka, na kwake kuacha goli lililo wazi ni jambo la kupimwa akili. Ilinibidi nimweleze kwamba McKinnon angefunga tachidauni, Chiefs wangepata pointi sita na pengine moja ya nyongeza, lakini Eagles wangerudishiwa mpira wakiwa na zaidi ya dakika moja na nusu, muda unaotosha kabisa kusawazisha. Kwa kujiangusha ndani ya uwanja aliwaachia wenzake nafasi ya kuila saa. Kwotabeki wao, yaani kiongozi wa mashambulizi, Patrick Mahomes, alipokea mpira na kupiga goti mara mbili ili muda upite, Eagles hawakuwa na taimauti, yaani ruhusa za kusimamisha saa, za kutosha kuuzuia muda usiishe, na Harrison Butker alipopiga mpira kutoka yadi 27 ukapita katikati ya milingoti, zilikuwa zimebaki sekunde 8 tu. Mechi ikaisha 38 kwa 35.

"Kwa hiyo wamekataa sita wakachukua tatu?"

Nikamwambia ndiyo. Akalala pale pale mkekani bila kuafiki.

Tangu asubuhi ile nimekuwa nikitaka kuandika kuhusu dakika hizo ambazo watangazaji wetu wa soka huziita dakika za lala salama, kwa sababu katika mpira wa Kimarekani ndizo zinazomfunua kocha kuliko dakika nyingine zote. Tumezoea kuona kamera ikimfuata mpigaji, anavyohesabu hatua zake, anavyovuta pumzi, anavyoinama pigo likikosa. Ninaamini kwamba mara nyingi pigo hilo linapokosa, kosa limekwisha kutendeka kabla mpigaji hajavaa kofia yake ngumu, na aliyelitenda amesimama pembeni ya uwanja akiwa amevaa vifaa vya kusikilizia masikioni, mkononi ana karatasi.

Niliujua mchezo huu Mpwapwa, miaka ilipokuwa 2009 na 2010, nilipokuwa mwalimu mpya wa hisabati. Alikuwapo hapo mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, mtu wa Wisconsin, aliyefundisha fizikia na aliyekuwa mshabiki wa Green Bay Packers kufa na kupona. Alikuja na mpira wake wenye ncha mbili, ambao wanafunzi waliubatiza papai siku ya kwanza na jina likabaki. Jioni, baada ya vipindi, alikuwa akiushikisha chini kwa kidole cha mwanafunzi mmoja na kuupiga kuelekea milimani, na sisi wengine tulikuwa tukiukimbilia, kwa sababu papai likidunda hakuna anayejua litaelekea wapi.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuufuatilia mchezo wenyewe, yanatosha machache. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, na yadi moja ni pungufu kidogo ya mita. Ikifaulu hupewa majaribio mengine manne. Ikishindwa hunyang'anywa mpira pale ilipofikia. Jaribio la nne ndilo njia panda: kocha anaweza kuwaagiza vijana wake watafute yadi zilizobaki, anaweza kuamuru mpira ubutuliwe mbali ili wapinzani waanzie nyuma kwao, au, milingoti ikiwa inafikika, anaweza kumwita mpigaji aje kutafuta pointi tatu za fildi goli. Mpigaji huyo ni kiumbe wa peke yake. Hakabi, hakimbii na mpira, na katika mechi inayochukua saa tatu huenda akaingia uwanjani mara chache tu. Lakini mambo yakibana, yeye ndiye anayeitwa.

Milingoti imeachana kwa futi 18 na inchi 6, yaani takriban mita 5.6, wakati goli letu la soka lina upana wa mita 7.32. Mtambaa panya uko juu mita tatu na kidogo, na mpira sharti upite juu yake, kwa hiyo shuti ambalo kwetu lingezomewa na jukwaa zima, huko ndilo linaloleta ushindi. Umbali wa pigo hupatikana kwa kuchukua mstari ambao mpira umesimama, kisha kuongeza yadi 10 za eneo la mwisho, lililo nyuma ya mstari wa goli, kwa kuwa milingoti imesimikwa nyuma kabisa, pamoja na yadi saba au nane ambazo mpira hurudishwa kwa mtu wa kuushika. Siwezi kujizuia kupiga hesabu. Ukisimama kwenye alama ya penalti ya soka, goli linakufungulia pembe ya takriban nyuzi 37. Ukisimama alipokuwa Butker asubuhi ile, yadi 27, pembe ni nyuzi 13. Ukirudi hadi yadi 47 zinabaki nyuzi 7.5, na kwenye yadi 64 ni nyuzi 5.5 tu. Wapigaji wa NFL, ligi kuu ya mchezo huu huko Marekani, wa siku hizi ni hodari mno na hufaulu takriban asilimia 85 ya mapigo yao yote, lakini wastani huo umechanganya mapigo ya karibu na ya mbali, na kocha anayeufikiria huo peke yake katika dakika ya mwisho anajidanganya.

Sasa tazama jambo lililotokea Seattle tarehe 12 Septemba 2022. Denver Broncos walikuwa nyuma 17 kwa 16, na kocha wao, Nathaniel Hackett, alikuwa akiongoza mechi yake ya kwanza kama kocha mkuu. Kwotabeki wake, Russell Wilson, alikuwa amesaini siku chache kabla yake mkataba wa nyongeza wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 245, na alikuwa amerudi kwenye uwanja alioutumikia misimu 10. Likafika jaribio la nne, zimebaki yadi 5, mpira uko kwenye mstari wa yadi 46 upande wa Seattle, na Hackett ana taimauti zake zote tatu mfukoni. Akaiacha saa itembee. Nakumbuka nilivyokuwa nikiisemesha simu, nikimwambia mtu asiyenisikia kwamba asimamishe saa, lakini sekunde ziliendelea kupukutika hadi zikabaki 20. Hapo ndipo akaomba taimauti, akamwacha Wilson nje, na kumwingiza Brandon McManus apige kutoka yadi 64. Mpira ulipita kushoto.

Hadi siku hiyo, katika historia nzima ya NFL, ni mapigo mawili tu yaliyowahi kuingia kutoka yadi 64 au zaidi. La kwanza lilikuwa la Matt Prater tarehe 8 Desemba 2013, na lilipigwa Denver, mji ulio mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira husafiri mbali zaidi. La pili lilikuwa la Justin Tucker wa Baltimore Ravens, yadi 66, tarehe 26 Septemba 2021, lililogonga mtambaa panya likaruka juu na kudondokea upande wa pili. Nalo lilipigwa Detroit, ndani ya uwanja uliofunikwa paa, usio na upepo wowote. McManus alitumwa afanye jambo hilo hilo kwenye uwanja wa wazi, katika mji wa pwani. Mtu aliyezoea kusoma takwimu hahitaji kuambiwa zaidi. Hackett mwenyewe alikiri kesho yake kwamba alipaswa kumwachia Wilson ajaribu, na hakuumaliza msimu ule akiwa kazini.

Nikizungumzia mwinuko siongei hadithi za kusikia. Dodoma yetu iko takriban mita 1,100 juu ya bahari, na yule mwenzangu wa Wisconsin alizoea kudai kwamba papai lake huku linaruka kuliko kwao. Huenda alikuwa akitutania. Ila jambo ambalo hakulitania ni upepo: katika miezi ya kiangazi, vumbi linapopanda na mabati yanapoanza kugonga, nilimwona akipiga mpira ulionyooka vizuri kabisa kisha ukakunja njiani kana kwamba umeitwa na mtu. Baada ya hapo alikuwa akichuma majani makavu, anayarusha juu, anayatazama yanavyoelekea, ndipo anapiga. Aliniambia kwamba hata wapigaji wanaolipwa mamilioni hufanya hivyo kabla ya mechi, kisha huenda kumwambia kocha: leo upande huu naweza kufika yadi fulani, upande ule usinipeleke zaidi ya fulani. Kwa maneno mengine, mpigaji huwa amekwisha kutoa jibu lake kabla ya mchezo kuanza. Kinachobaki ni kama kocha atalikumbuka atakapokuwa amebanwa.

(Pembeni kidogo: pigo la Tucker liliimaliza mechi kwa 19 kwa 17 dhidi ya Detroit Lions. Tarehe 8 Novemba 1970, Tom Dempsey wa New Orleans Saints, aliyezaliwa bila vidole kwenye mguu wake wa kupigia, alipiga kutoka yadi 63 na kuweka rekodi iliyodumu miaka mingi. Mechi ile iliisha 19 kwa 17, na waliofungwa ni Detroit Lions hao hao. Kuna timu zinazaliwa na mikosi.)

Kuna kosa la namna nyingine ambalo ni gumu kuliona, kwa sababu ndani yake pigo linafaulu. Tarehe 25 Januari 2021, usiku wa manane wa kwetu, nilipata ujumbe kutoka Wisconsin, umeandikwa kwa Kiswahili kilichoanza kuota kutu: "Ticha, kwa nini?" Green Bay walikuwa nyumbani katika mechi ya kuingia Super Bowl, wako nyuma ya Tampa Bay Buccaneers 31 kwa 23, zimebaki dakika mbili na kidogo, na ni jaribio la nne wakiwa yadi 8 tu kutoka kwenye mstari wa goli. Kwotabeki wao alikuwa Aaron Rodgers, ambaye wiki mbili baadaye alitangazwa kuwa mchezaji bora wa msimu. Kocha Matt LaFleur akamtoa, akamwingiza Mason Crosby, na Crosby akapiga vizuri kutoka yadi 26. Matokeo yakawa 31 kwa 26.

Sasa fanya hesabu ya darasa la tatu. Kabla ya pigo Green Bay walihitaji tachidauni, na baada ya pigo bado walihitaji tachidauni. Kweli, kwa kuwa walikuwa nyuma pointi 8, tachidauni ya kwanza ingewalazimu wapate na zile pointi mbili za nyongeza ili wasawazishe tu, wakati wakiwa nyuma pointi 5 tachidauni moja ingewapa ushindi. LaFleur alijitetea pia kwamba alikuwa bado na taimauti za kuisimamisha saa. Si hoja ya kipuuzi. Lakini ilimtaka aupate mpira tena kutoka mikononi mwa Tom Brady, kwotabeki wa Tampa Bay, na Brady hakuurudisha. Tampa Bay waliushika hadi saa ikaisha, Rodgers akiwa amekaa benchi. Nilimjibu rafiki yangu kwamba kocha wake alichagua kushindwa polepole badala ya kushindwa papo hapo, na sidhani kama jibu hilo lilimfariji.

Hiyo ndiyo sura ninayoiona tena na tena. Pointi tatu zina harufu ya usalama, zinaingia ubaoni na zinaonekana, na kocha akiulizwa anaweza kuonyesha kidole kwenye ubao. Akijaribu jaribio la nne akashindwa, ubao hauna cha kumtetea. Mchumi David Romer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha mwaka 2006 utafiti kuhusu majaribio ya nne katika NFL na kuonyesha kwamba makocha walikuwa wakipiga teke mara nyingi kuliko ilivyofaa kwa kutafuta ushindi. Ninavyouelewa mimi, kocha hupima mambo mawili kwa mzani mmoja, yaani uwezekano wa kushinda na uwezekano wa kulaumiwa, na la pili lina uzito kuliko anavyokubali kusema.

Dan Campbell wa Detroit alijaribu kuupuuza uzito huo. Tarehe 28 Januari 2024, katika mechi ya kuingia Super Bowl, timu yake iliongoza 24 kwa 7 wakati wa mapumziko dhidi ya San Francisco 49ers. Kipindi cha pili, mara mbili alipokuwa na nafasi ya kupiga fildi goli za yadi zaidi ya 40, aliwaambia vijana wake waendelee, na mara zote mbili walishindwa. San Francisco wakashinda 34 kwa 31. Watu walimwandama kocha huyo kwa siku nyingi kuliko walivyomwandama LaFleur, ingawa mimi ningempa alama za juu zaidi: alifanya katika mechi kubwa jambo lile lile lililomfikisha kwenye mechi hiyo. Katika uamuzi wa kwanza simlaumu hata kidogo. Wa pili, akiwa nyuma kwa pointi tatu katika robo ya mwisho, ningesita, na huenda ningepiga. Lakini angalia kwamba lawama zote zilimwangukia yeye mwenyewe, na hakuna mpigaji aliyelala usiku ule akijiuliza afanye nini na mguu wake.

Mapigo ya kuanzishia mchezo nayo yana mtego wake, ingawa huyapita watu wengi. Tarehe 23 Januari 2022, Buffalo Bills waliongoza Kansas City 36 kwa 33 zikiwa zimebaki sekunde 13. Kocha Sean McDermott na wasaidizi wake walikuwa na chaguo la kuupiga mpira mfupi unaobiringika, ili mpokeaji aukimbize na saa ipoteze sekunde nne au tano. Mpira ulipigwa moja kwa moja hadi nje ya eneo la mwisho, na saa haikupoteza hata sekunde moja. Chiefs, wakiwa na taimauti zote tatu, walisogea yadi 44 kwa pasi mbili, Butker akasawazisha kutoka yadi 49, na katika muda wa nyongeza Chiefs wakashinda 42 kwa 36. Sekunde nne tu, na pengine pasi ya pili isingekuwapo.

Upande wa pili nao una mchango wake, yaani kocha mpinzani anapoomba taimauti sekunde moja kabla mpira haujaguswa, ili mpigaji asimame pale na mawazo yake. Sijawahi kushawishika kwamba ujanja huu unafaa kwa kawaida, kwa sababu mara nyingi unampa mtu nafasi ya kupiga mara mbili. Lakini tarehe 6 Januari 2019, Chicago, Cody Parkey wa Bears alipiga kutoka yadi 43 zikiwa zimebaki sekunde 10, mpira ukapita katikati, na mwamuzi akapuliza filimbi kwa kuwa Doug Pederson wa Philadelphia alikwisha kuomba taimauti. Pigo la pili liliguswa na kidole cha Treyvon Hester, likagonga mlingoti wa kushoto, likadondokea kwenye mtambaa panya, kisha likarudi uwanjani. Eagles walishinda 16 kwa 15. Parkey alizomewa na uwanja wake mwenyewe kwa mpira uliokuwa umezibwa, akiwa dakika moja kabla yake amefunga kihalali kabisa pigo ambalo halikuhesabiwa.

Ambaye simsahau ni Scott Norwood, mpigaji wa Buffalo. Super Bowl ya tarehe 27 Januari 1991, Tampa, Buffalo wako nyuma ya New York Giants 20 kwa 19, zimebaki sekunde 8, yadi 47. Nyumbani kwao Buffalo walichezea zulia bandia, na siku ile walikuwa kwenye nyasi. Timu ilisogea kwa kukimbia na mpira hadi ilipoona kwamba milingoti sasa inafikika, na ikaridhika. Na kufikika, kama nilivyosema, kulikuwa nyuzi 7.5. Mpira ulipita kulia. Sentensi hiyo imemfuata maisha yake yote, ilhali kuna mambo mengi yaliyoharibika mechi ile, kuanzia Giants kuushika mpira zaidi ya dakika 40 hadi yadi kumi ambazo hazikutafutwa mwishoni. Jambo moja linanifurahisha: kesho yake maelfu ya watu walijaa katikati ya mji wa Buffalo na kumwita kwa jina lake hadi akatoka mbele, wakamshangilia, naye akalia.

Sidai kwamba kocha asipige. Bill Belichick, kocha wa New England Patriots, katika Super Bowl ya tarehe 3 Februari 2002, alikuwa sare 17 kwa 17 na St. Louis Rams, zimebaki dakika 1 na sekunde 21, hana taimauti hata moja, mpira uko kwenye yadi 17 za upande wake. John Madden, kocha wa zamani aliyekuwa akitangaza mechi, alisema wazi kwamba New England waache muda uishe waende kwenye nyongeza. Belichick hakumsikia, na hata angemsikia nadhani asingejali. Alimwachia Brady yule yule, wakati huo kwotabeki wake, kijana wa miaka 24, asogee yadi 53 hadi kwenye mstari wa 30, ndipo Adam Vinatieri akapiga kutoka yadi 48 na saa ikaisha mpira ukiwa hewani. Pale mpigaji aliingia akiwa amefanyiwa kazi. Kila yadi iliyoweza kupatikana ilikuwa imetafutwa. Aingie au akose, hakuna aliyekuwa amejificha nyuma yake.

Naandika haya yote nikiwa na kesi yangu binafsi. Mwaka mmoja, katika michezo ya UMISSETA ngazi ya wilaya, nilikuwa kocha wa timu ya shule yetu. Tulikuwa sare ya 1 kwa 1, zimebaki dakika 20, na wapinzani walikuwa wamebaki 10 baada ya kadi nyekundu. Wamechoka, wanapumua kwa mdomo, beki wao wa kulia anatembea. Mimi, nikiwa nimesimama kwenye kivuli cha mwarobaini pembeni ya uwanja, nilipaza sauti kuwaambia vijana warudi nyuma, wapaki basi, tusubiri penalti, kwa sababu nilikuwa na mpigaji wa kidato cha tatu ambaye mazoezini hakuwahi kukosa. Nilijiona mjanja. Penalti zikafika, yeye akapiga ya tano, na mpira ukapaa juu ya mtambaa panya hadi kwenye shamba la alizeti la jirani.

Tukiwa njiani kurudi, kijana alikaa mbele karibu na dereva, ameivuta jezi hadi usoni, na nyuma yake wenzake wakimsema bila kushusha sauti. Hadi anamaliza kidato cha nne aliitwa kwa jina nisilotaka kuliandika. Hakuna mwanafunzi, mwalimu wala mzazi aliyewahi kuniuliza ni nani aliyeirudisha nyuma timu yenye watu 11 mbele ya watu 10. Nami sikujitolea kusema. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa nikijifanya nasinzia.

Mwezi uliopita nilikuwa na kipindi cha vipimo na kidato cha pili, nikaamua kuwatoa nje. Tulichukua futi kamba, tukasimika fito mbili zilizoachana mita 5.6, kisha tukapima mita 58.5 kutoka hapo, ambazo ndizo yadi 64, na nikaweka jiwe. Kila mwanafunzi alisimama kwenye jiwe, akafumba jicho moja na kuzitazama zile fito. Kwa umbali ule, na vumbi lile la saa sita, zilionekana kama zimebanana. Niliwasimulia habari za McManus na wakacheka, isipokuwa mmoja aliyebaki amesimama kwenye jiwe.

"Mwalimu, nani alimpeleka hadi huku?"

Nikamwambia ni kocha wake.

"Na yeye alikuwa amesimama wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, kule pembeni, chini ya mwarobaini, kwenye kivuli.